Dawa mpya ya kiharusi? Uliza kwanza ilijaribiwa kwa nani

Ukiwa na mgonjwa wa kiharusi nyumbani, simu yako haipumziki. Huyu anakutumia video ya mzee aliyeinuka kitandani baada ya kumeza vidonge fulani, yule anakutumia habari ya wanasayansi "waliogundua" dawa ya kurudisha ubongo, na binamu ambaye hajafika kumjulia hali mgonjwa tangu aruhusiwe hospitalini ndiye anayeuliza kwa ukali: mbona hamjamnunulia?

Mama yetu alipooza upande wa kulia na maneno yakapungua. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, kwa hiyo kazi ya kujibu jumbe hizo ikaniangukia. Si daktari. Nimejifunza kusoma tafiti kidogo kidogo, kwa msaada wa mtaalamu wa fiziotherapia anayemhudumia mama. Kila nilipompelekea habari mpya aliniuliza jambo lile lile: "Walijaribu kwa nani, na walipima nini?" Swali hilo limetuokolea fedha nyingi na, nadhani, hata nyonga ya mama.

Nasema nyonga kwa sababu ya fluoxetine. Ni dawa ya sonona, ya siku nyingi, na bei yake si ya kutisha. Mwaka 2011 watafiti wa Ufaransa walichapisha jaribio liitwalo FLAME. Walichukua wagonjwa 118 waliopooza upande mmoja, wakawagawa kwa bahati nasibu: wengine fluoxetine, wengine kidonge kisicho na dawa ndani yake, na wote wakaendelea na mazoezi. Baada ya siku 90, waliopewa dawa walikuwa wamepanda wastani wa pointi 34 kwenye kipimo cha mjongeo wa viungo, wenzao 24. Nani asingefurahi? Hata mimi, nilipoisoma peke yake, nilitaka mama aanze kesho yake.

Lakini utafiti mmoja wenye watu mia na kitu ni mwanzo wa mazungumzo tu. Uingereza walikuja na FOCUS, matokeo yakatoka mwishoni mwa 2018: wagonjwa 3,127, miligramu 20 kila siku kwa miezi sita. Hawa walitaka kujua kama mtu anajimudu: anavaa mwenyewe, anatembea, anarudi kwenye shughuli zake. Hapakuwa na tofauti. Kilichoongezeka ni kuvunjika mifupa: asilimia 2.9 kwa waliomeza dawa, asilimia 1.5 kwa wasiomeza. Mwaka 2020 majaribio mengine mawili, moja la Sweden na jingine la Australia, New Zealand na Vietnam, nayo yakakosa faida ya kujimudu.

Fikiria mtu ambaye mguu mmoja unaburuta, kisha unamwongezea uwezekano wa kuvunjika, kwa faida ambayo haipo. Hapo ndipo utafutaji wa tiba na usalama wa dawa vinapokutana, na ndiyo sababu siwezi kuvitenganisha. Naomba tusielewane vibaya, lakini: sonona baada ya kiharusi ni ya kweli na inawapata wengi, na ndani ya FOCUS hiyo hiyo waliopata sonona mpya walikuwa asilimia 13 kwa wenye dawa, 17 kwa wasio nayo. Mgonjwa wako akiandikiwa fluoxetine kwa sababu ya sonona, hiyo ni habari nyingine, na usimwachishe kwa kusoma makala yangu.

Zile habari za "dawa imefanya maajabu kwa panya" mimi sizifungui tena. Mwaka 2006 kundi la watafiti lilihesabu tiba za kiharusi zilizowahi kujaribiwa maabara na kukuta 1,026. Zilizofika kwa binadamu zilikuwa 114. Moja iliyoitwa NXY-059 ilivuka hadi kwa watu na jaribio la kwanza, mwaka 2006, likatoa dalili njema. Jaribio la pili lenye watu zaidi ya 3,000 likaizika mwaka uliofuata. Dawa iliyodumu, ile ya kuyeyusha donge la damu, alteplase, ilithibitika mwaka 1995, na kazi yake ni ndani ya saa chache za mwanzo tu. Miezi miwili baadaye haina la kufanya. Kwa hiyo anayekuuzia "dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kichwani" kwa mgonjwa aliyepooza mwaka jana, mpe pole na umwonyeshe mlango.

Sasa mazoezi. Huku kuna utafiti mwingi mzuri kuliko watu wanavyodhani, na mwingine unakwenda kinyume na hisia zetu za kifamilia.

Hisia ya kwanza: mwamsheni mapema, msimwache alale! Jaribio la AVERT, lililochapishwa 2015 likiwa na wagonjwa 2,104, lilipima hasa jambo hilo. Kundi moja lilitolewa kitandani mapema zaidi na mara nyingi zaidi kuanzia ndani ya saa 24 za kwanza. Baada ya miezi mitatu, waliokuwa na hali nzuri walikuwa asilimia 46. Wa huduma ya kawaida asilimia 50. Kwa hiyo siku za mwanzoni waachieni wauguzi waamue, hata kama mjomba anasema mgonjwa "anazembea."

Hisia ya pili: tungekuwa na mashine tungefika mbali. Mashine ya kutembelea yenye mkanda wa kumning'iniza mgonjwa ilishindanishwa na mazoezi ya nyumbani yanayosimamiwa na mtaalamu wa fiziotherapia, katika jaribio la LEAPS la Marekani, watu 408, mwaka 2011. Walitoka sare. Roboti ya mkono nayo ilijaribiwa Uingereza kwa watu 770, matokeo yakatoka 2019: uwezo wa kutumia mkono haukuzidi wa wale wa huduma ya kawaida. Kama huna hela za kituo chenye vyuma vinavyong'aa, usijione umemnyima mzazi wako.

Kinacholeta tofauti, kwa ninavyoona, ni wingi wa kurudia. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walikaa wakahesabu: katika kikao kimoja cha kawaida, mkono uliopooza ulifanya vitendo vya maana mara 32 tu kwa wastani. Wanyama wa maabara, ambao ubongo wao ulionekana kujipanga upya, walikuwa wakirudia mamia kwa siku. Tangu nilipoambiwa hivyo, mezani kwa mama kuna kopo la vibanio vya nguo. Anabana ukingo wa kopo, anabandua, anabana tena. Kidole gumba kilikuwa kinateleza pembeni, kibanio kinaruka chini ya kiti, na mama ananitazama kana kwamba ni mimi niliyekirusha. Tunakiokota, tunaendelea. Vipindi vifupi, mara nyingi kwa siku, kuliko saa nzima ya kumchosha asubuhi halafu basi.

Kuna njia nyingine ambayo ndugu zangu waliipenda kwa jina lake tu: kuufunga mkono mzima, yaani usiopooza, ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Jaribio la EXCITE la 2006, watu 222, liliionyesha kuwa na faida. Walivaa glavu nene kwenye mkono mzima karibu muda wote wa kuwa macho, kwa wiki mbili, huku wakifundishwa saa nyingi kila siku. Lakini rudi kwenye swali la fizio: kwa nani? Kwa watu waliokuwa tayari wanaweza kunyanyua kifundo cha mkono na kufungua vidole angalau kidogo, miezi mitatu hadi tisa baada ya kiharusi. Vidole vya mama wakati ule havikufunguka hata kidogo. Kumfunga mkono wake wa pekee unaofanya kazi kungekuwa kumtesa.

Na ule msemo kwamba baada ya miezi sita mlango umefungwa, usiukubali. London kuna programu ya mkono ya saa 90 ndani ya wiki tatu. Ripoti yao ya 2019 ilihusu watu 224, wengi wao mwaka mmoja na zaidi tangu waugue, na walipanda, na bado walikuwa juu miezi sita baadaye. Haikuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo naisema kwa tahadhari. Ila inatosha kunizuia nisikate tamaa.

Jambo moja lililonigusa mimi binafsi: India walijaribu kuwafundisha wanafamilia wafanye kazi ya utengemao, yaani kumrudishia mgonjwa uwezo wake, nyumbani, wagonjwa 1,250, jaribio la ATTEND la 2017. Haikusaidia zaidi ya huduma ya kawaida. Niliisoma nikiwa nimechoka, nikapata nafuu ya ajabu. Ukiwa binti au mtoto wa kiume anayehudumia, huwezi kugeuka mtaalamu kwa mafunzo ya siku chache, na jaribio hilo halikuthibitisha kwamba ungeweza. Tafuta mtaalamu, hata kwa kikao kimoja kimoja kila baada ya muda, akupangie. Wewe uwe mkono wake wa nyumbani.

Sehemu ambayo familia inaweza kufanya mengi, tena bila gharama, ni vidonge. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2017 kampeni nzima ya kupunguza madhara ya dawa yanayozuilika, na moja ya sehemu inazozitilia mkazo ni pale mgonjwa anapohama kutoka mkono mmoja wa huduma kwenda mwingine. Yaani siku ile ya kuruhusiwa, mnapokabidhiwa mfuko.

Mama alirudi na mfuko, na nyumbani kulikuwa na dawa za presha za zamani. Alikuwa anapaliwa, kwa hiyo shangazi, kwa nia njema kabisa, alikuwa anasaga kila kitu kwa kijiko juu ya sahani. Mfamasia alipoona ile sahani alishika kichwa, akamwambia shangazi:

"Dada, hiki cha presha kimetengenezwa kitoe dawa polepole siku nzima. Ukikisaga, dozi yote inaingia kwa mkupuo."

"Na aspirini?"

"Hii yenye ganda inatakiwa ipite tumbo kwanza. Tutambadilishia ya kuyeyuka."

Tazama pakiti: herufi kama SR, MR, XL au LA baada ya jina la dawa mara nyingi humaanisha usivunje wala kusaga. Na anayepaliwa apimwe umezaji wake kwanza, maana kinachoingia mapafuni huleta nimonia.

Kisha uliza tarehe ya mwisho. Wagonjwa wengi wa kiharusi kidogo hupewa aspirini pamoja na clopidogrel, zote za kuzuia damu isigande. Utafiti mkubwa wa China wa 2013 ulitumia dawa hizo mbili kwa pamoja siku 21 tu, kisha ikabaki moja. Zinapoendelea pamoja kwa miezi, hatari ya kuvuja damu huongezeka. Lakini nimeona karatasi za wagonjwa ambako zote mbili zinaendelea kwa sababu tu hakuna aliyeandika zikome lini. Usisimamishe mwenyewe; muulize daktari: hii ni ya wiki ngapi, na ikiisha inabaki ipi?

Bega la upande uliopooza huuma sana, na hapo ndipo watu wanakimbilia diklofenaki au ibuprofeni. Ibuprofeni inaweza kuizuia aspirini isifanye kazi yake kwenye chembe za damu, na dawa za kundi hilo hupandisha presha na kuchokonoa tumbo. Mwambie daktari kuhusu bega. Na usimnyanyue mgonjwa kwa kumvuta mkono huo.

Anayetumia warfarini, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, ndiye wa kuangaliwa zaidi. Dawa hii ilitokana na ng'ombe waliokuwa wakivuja damu hadi kufa kwa kula majani yaliyooza. Ikatumika kwanza kuua panya, ndipo baadaye ikawa tiba ya watu. Metronidazole, cotrimoxazole na fluconazole, dawa ambazo watu hujinunulia bila kufikiri mara mbili, huongeza nguvu yake sana. Kipimo cha damu kirudiwe kila dawa mpya inapoingia.

Sisi tuna karatasi moja mlangoni: jina la dawa, dozi, saa, ya nini, inaisha lini. Kila daktari, hata wa meno, anaonyeshwa.

Mwisho, siku moja huenda mkaombwa mgonjwa wenu ashiriki jaribio. Mimi si mpinzani. Namba nyingi nilizoandika hapa zilitokana na watu waliokubali. Soma karatasi ya ridhaa hadi ukurasa wa mwisho. Uliza kama kuna kundi la kidonge kisicho na dawa, kamati gani ya maadili imepitisha, nani anatibu madhara yakitokea, na kama unaweza kujitoa bila huduma ya kawaida kuguswa. Wakikutaka ulipe ili ushiriki, hasa kwenye hizi biashara za seli shina, tilia shaka kubwa. Mgonjwa ambaye maneno yamepotea bado anaelewa mengi, kwa hiyo dai wamweleze yeye, kwa picha na kwa maswali ya ndiyo au hapana, wampe muda. Halafu tafuta kwenye karatasi namba ya kupiga usiku mambo yakiharibika. Kama haipo, usitie saini hadi waiandike.