Kabla hujaandika majibu ya slaidi, tazama utando wa seli

Wadogo zangu mnaoanza kazi maabara, nina ombi. Mnapotafuta vimelea vya malaria kwenye slaidi ya damu iliyotandazwa nyembamba, tazameni pia maumbo ya seli nyekundu. Umbo la seli hutoa habari za utando wake, yaani ngozi nyembamba inayoizunguka: una mafuta gani, na unatosha kiasi gani kwa kilichomo ndani. Mimi kuelewa hilo kumenisaidia kuliko kukariri majina ya maumbo.

Seli nyekundu yenye afya ina upana wa mikromita 7 hadi 8, na imebonyea katikati pande zote mbili. Imebonyea kwa sababu utando ni mwingi kuliko kilichomo. Eneo lake ni kama mikromita 140 za mraba, ilhali tufe la ujazo uleule lingetosheka na 100 hivi. Gunia lililojazwa nusu hukunjika likapita penye upenyo. Lililoshindiliwa hadi mdomoni hukwama. Ndiyo maana seli hii hupenya mishipa myembamba kuliko yenyewe, na ikishapoteza sehemu ya utando ikawa tufe, hunaswa kwenye bandama.

Chini ya hadubini, tufe huonekana dogo, limekolea rangi, halina weupe katikati. Ila kwanza hakikisha uko sehemu gani ya slaidi! Kwenye ncha ya mkia, pale damu iliyotandazwa inapoishia, karibu seli zote hukosa weupe, hata za mtu mzima wa afya. Rudi nyuma hadi pale seli zinapoanza kugusana kidogo, ndipo usome.

Sasa mafuta yenyewe. Utando una tabaka mbili za lipidi, yaani molekuli za mafuta zenye kichwa na mikia, jambo ambalo watafiti Gorter na Grendel wa Uholanzi walilifikia mwaka 1925 kwa kupima seli hizi hizi nyekundu. Mwaka 1974 watafiti Sheetz na Singer walieleza kwamba tabaka hizo zikitofautiana upana, utando hupinda. Kitu kikijipenyeza zaidi tabaka la nje, seli huota miiba. Kikikaa zaidi la ndani, hujikunja mfano wa kikombe. Lipidi yenye mkia mmoja badala ya miwili hufanya hilo la kwanza, maana kichwa chake ni kipana kuliko mkia.

Kwa hiyo ukikuta miiba mifupi, iliyopangika sawasawa, karibu kwenye kila seli, usikimbilie kusema ni ugonjwa wa figo, ingawa nao huleta miiba ya namna hii. Uliza damu ilichukuliwa saa ngapi. Damu iliyokaa muda mrefu kwenye chupa ya EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande) huishiwa nishati na kuota miiba hiyo hiyo, na hata kioo cha slaidi chaweza kuisababisha. Omba sampuli mbichi, tandaza upya mapema. Mara nyingi miiba hutoweka.

Miiba michache, mirefu kwa mifupi, iliyokaa ovyo, ni habari nyingine. Huonekana kwa wagonjwa wa ini lililoharibika sana, ambao utando wao umebeba kolesteroli kupita kiasi. Na kwa mwenye manjano ya njia ya nyongo kuziba, kolesteroli na fosfolipidi (lipidi kuu za utando) huongezeka pamoja, utando unazidi, na seli huonyesha doa lililokolea rangi katikati ya weupe. Hapo usiandike tu "hakuna vimelea". Eleza umbo uliloliona, ni seli nyingi au chache, na saa ambayo damu ilitolewa, daktari ajue pa kuanzia.