Faini ya malalamiko haileti mtazamo chanya

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nasimamia ghala la vinywaji Dar es Salaam, nina wapakiaji, makarani na madereva. Ovataimu imekuwa ikichelewa miezi kadhaa na morali imeshuka sana. Bosi ameniagiza nijenge mtazamo chanya. Tulimleta mhamasishaji, watu wakaruka na kupiga makofi, wiki iliyofuata wakarudi palepale. Nikaweka utaratibu kwamba anayelalamika kwenye kikao cha asubuhi anatoa shilingi 1,000. Sasa wamenyamaza, lakini kazi inazidi kuzorota. Nitafute mhamasishaji mwingine?

JIBU: Hapana. Na hiyo faini ifute kesho asubuhi, mbele ya wote, na mwenye hela yake arudishiwe.

Swali hili linanifikia kila mara. Leo ni ghala, jana ilikuwa shule, kabla ya hapo hospitali. Chini yake pana imani ileile inayonichosha kuliko zote, kwamba timu isiyosikika ikilalamika ndiyo yenye mtazamo chanya. Walionyamaza kwako hawajabadilika. Wameacha tu kukueleza, na sasa wanaelezana wenyewe nyuma ya Fuso.

Miaka ya 1990 mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alichunguza makosa ya utoaji dawa wodini. Alitarajia kukuta makosa machache kwenye timu zenye viongozi wazuri. Takwimu zikaja kinyume: timu hizo ndizo zilizokuwa na makosa mengi yaliyoripotiwa. Alipochimba zaidi akaona kwamba huko watu walithubutu kusema, na kwingine walificha. Sasa fikiria ghalani kwako. Nani atakwambia breki za forklifti zinalegea, au hesabu ya kreti hailingani, ikiwa kufungua mdomo kunamgharimu nauli ya kurudi nyumbani?

Ovataimu yenyewe si suala la mtazamo. Ni deni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Najua wewe si mwenye kusaini hundi. Lakini unaweza kwenda kwa mhasibu, ukapata tarehe na kurudi nayo hata kama si nzuri: “Wiki hii hela haitoki. Wamesema tarehe 20. Tarehe 18 nitawafuata tena, jioni yake nawaletea jibu.” Kisha ulilete kweli. Ukipindisha mara moja tu, usishangae wakikutazama kama wanavyomtazama mhasibu.

Kuna kazi nyingine iliyo mikononi mwako kabisa. Mwanasaikolojia Martin Seligman alionyesha kwamba mwenye matumaini hutofautiana na aliyekata tamaa hasa kwa namna anavyojieleza tatizo likimpata. Aliyekata tamaa huliona la kudumu, tena limeenea kila mahali: “Hapa mambo ndivyo yalivyo, hayabadiliki.” Mwenye matumaini huliona lina mipaka. Kiongozi huwafundisha watu mojawapo ya njia hizo kila siku bila semina. Gari likichelewa kutoka, ukisema “nyie kila siku wazembe,” umewafundisha ile ya kwanza. Ukisema “leo tumekwama kwenye mlango wa pili, karatasi zilichelewa saa moja, kesho karani aanze nazo,” umewapa kitu cha kurekebisha. Wakirekebisha, taja kilichorekebishwa na aliyekirekebisha. Pongezi za jumla jumla hazimfikii mtu.

Sasa hao wahamasishaji. Wapo wachache wanaojua kazi yao. Wengi huuza hewa, na wengine huivika koti la sayansi. Bado nakutana na slaidi zinazodai timu ikifikisha hisia chanya karibu tatu kwa kila moja hasi, basi inastawi. Mwaka 2005 makala moja ya Marekani ilitaja hata kiwango chenyewe, 2.9013. Mwaka 2013 Nick Brown, Alan Sokal na Harris Friedman waliionyesha hesabu hiyo kuwa haina msingi wowote, na jarida lililoichapa likaiondoa sehemu ya hesabu. Leo hii bado inauzwa kwenye kumbi za hoteli, chai na sambusa juu.

Kwa hiyo, kiongozi yeyote unayesoma hapa, kabla ya kumlipa mtu muulize kama yuko tayari kukaa na wapakiaji kabla ya semina, bosi asiwepo, na kama atamwambia bosi aliyoyasikia hata yakiwa machungu. Akijibu kwamba ana mada yake tayari, ileile aliyoitoa benki mwezi uliopita, mshukuru mwachane. Na ikiwa hela ya ukumbi ipo wakati ya ovataimu haipo, usimwite mtu kabisa. Wapakiaji wako wanajua bei ya ule ukumbi. Dereva aliyepeleka maji na soda kule aliwaambia.