Jibu: Fasihi haimpotezei muda daktari mwanafunzi

Ndugu yangu, umeuliza kama kumfundisha fasihi na historia mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa kwanza, ndiyo kwanza anaanza kuingia wodini, si kumpotezea muda. Mimi nasema hapo ndipo pake hasa. Chuo cha udaktari cha Penn State, Marekani, kilianza mwaka 1967 kikiwa na idara yake ya insia, yaani falsafa, historia, fasihi.

Ila zoezi ninalolipenda zaidi ni la Dkt. Rita Charon wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani. Mwanafunzi anaandika, kwa lugha ya kawaida, yale ya mgonjwa wake yasiyoingia kwenye faili, kisha anawasomea wenzake. Nikiwa mwanafunzi, mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, nimechoka roho." Nikaandika "uchovu", nikamtoa damu kupima wingi wake. Kesho yake nesi akanieleza: mama yule alikuwa amezika mtoto wiki iliyopita. Hakuna aliyekuwa amenifundisha kuuliza, "Roho imechoshwa na nini, mama?"

Mkilianzisha zoezi hili chuoni kwenu, liwekeni mara baada ya raundi ya wodi, maneno ya mgonjwa yakiwa bado masikioni. Na msilitungie mtihani wa kuchagua majibu, tafadhali.