Kabla ya Kugeuza Jengo Kuukuu Kuwa Studio, Kalale Humo Usiku Mmoja

Umepata jengo kuukuu na unataka kuligeuza studio ya kurekodi? Basi kabla hujabomoa chochote, kalale humo usiku mmoja. Beba mkeka, zima simu, kaa gizani usikilize.

Mimi sikufanya hivyo. Nilipokabidhiwa funguo za ghala la mawe lililokaa miaka mingi bila mtu, nilikwenda mchana na futi kamba, nikapima, nikafurahia unene wa kuta, na wiki iliyofuata mafundi walikuwa kazini. Miezi mitatu baadaye, mwimbaji wetu wa kwanza kasimama mbele ya maiki, nami nasikia kwenye hedifoni mngurumo mdogo unaokuja na kuondoka. Tukazima kiyoyozi, ukabaki. Tukazima taa zote, ukabaki. Nikaweka sikio ukutani ndipo nikaujua: pampu ya maji ya jirani, imefungwa moja kwa moja kwenye zege linaloungana na msingi wetu. Ukuta ulikuwa mnene kweli, lakini sauti haikupita ukutani. Ilipanda kutoka sakafuni.

Usiku mmoja tu wa kulala pale ungenionyesha hilo kabla sijatumia hata shilingi. Hatimaye nilikwenda kwa jirani kwa adabu, nikanunua mipira mizito, tukaiweka chini ya pampu yake. Mngurumo ukapungua sana. Uliobaki niliumaliza kwa kujenga sakafu nyingine ya mbao juu ya ile ya zege, imekalia vipande vya mpira mgumu na haigusi ukuta popote. Hapo simama na fundi wako muda wote. Msumari mmoja ukipenya ukashika sakafu mpya na ya zamani kwa pamoja, sauti imepata daraja na kazi yote imekwenda bure. Nilifukua mbao mbili nzima kwa sababu ya msumari wa namna hiyo.

Jambo linalowapotezea watu fedha nyingi ni kuchanganya kuzuia sauti na kutuliza sauti. Kuzuia ni kazi ya uzito na kubana mianya, ili kelele za nje zisiingie na ngoma zako zisimwamshe jirani. Kutuliza ni kupunguza mwangwi ndani ya chumba, na hiyo ni kazi ya vitu laini na vinene. Sponji na trei za mayai hazizuii sauti kabisa, kwa kuwa hazina uzito. Hata uzito wenyewe una gharama: ukuta ukiuzidishia uzito mara mbili unapata desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 5 au 6 tu za ziada. Ndiyo maana kuta mbili zilizoachana, katikati hewa na sufi ya mawe (nyuzi zinazotengenezwa kwa mawe yaliyoyeyushwa), hufanya kazi kuliko ukuta mmoja uliorundikwa matofali.

Na mianya! Majengo ya zamani yamejaa matundu: mabomba yaliyokufa, soketi zilizotazamana pande mbili za ukuta mmoja, nafasi kati ya ukuta na paa. Matundu yakifika asilimia 1 ya eneo la ukuta, ukuta mzima hauwezi kuzuia zaidi ya desibeli 20 hivi, hata ungekuwa wa chuma. Usiku, mtu mmoja awashe tochi kali upande wa pili nawe ukae gizani. Panapopita mwanga, sauti inapita. Mimi nilinunua mlango mzito wa mbao ngumu nikadhani nimemaliza, kumbe chini palibaki mwanya wa upana wa kidole. Mpira wa kuziba kuzunguka fremu, na kizingiti kinachobanana na mlango, vilileta tofauti kubwa kuliko mlango wenyewe.

Sasa sauti ya ndani, ambako naomba uwe na subira. Ghala letu lilikuwa na mwangwi mfupi, mtamu, wenye ung'avu. Mimi, kwa hofu ya mwangwi, nikabandika sponji kila ukuta kuanzia chini hadi juu. Chumba kikafa. Sauti nyembamba zote zilimezwa, nzito zikabaki zinavuma, na mpiga gitaa akaniambia anajisikia kama anapiga akiwa ndani ya kabati. Nilibandua ukuta mmoja mzima nikauacha mawe matupu, na hadi leo wapiga gitaa na fidla huomba kukaa mbele yake.

Waliotutangulia walijua hili. Kampuni ya rekodi ya Columbia walipochukua kanisa lililoachwa la Mtaa wa 30 jijini New York mwishoni mwa miaka ya 1940, waliamua kutogusa kuta wala sakafu yake, na humo ndimo mpiga tarumbeta wa jazi Miles Davis alimorekodi mwaka 1959. Stax, kampuni ya rekodi ya kule Memphis, Marekani, waliingia kwenye jumba la sinema mwaka 1960 wakaacha sakafu na mteremko wake. Lakini jengo lisipokuwa na vyumba vya kufaa, usililazimishe. Studio za Abbey Road, London, ni nyumba ya mwaka 1831, na wenye studio walipoinunua waliiacha nyumba ya mbele ikawa ofisi, vyumba vikubwa vya kurekodia wakavijenga nyuma, bustanini.

Besi ndiyo mtihani mgumu kuliko yote. Chumba changu cha mitambo kilikuwa mita 3.5 kwa 3.5. Gawanya mwendo wa sauti, mita 343 kwa sekunde, kwa urefu huo mara mbili, unapata hezi 49, yaani mitetemo 49 kwa sekunde. Hiyo ni noti ya G kwenye uzi mnene wa gitaa la besi, na kwa kuwa pande zote zilikuwa sawa, mvumo ulijirundika mara mbili. Kila mpigaji alipoigusa G hiyo chumba kilijaa, akienda noti ya jirani kinanywea. Nyimbo tulizochanganya humo zilitoka bila besi, maana masikio yetu yalidanganywa kwamba imezidi. Sponji ya sentimita 5 haigusi kitu hapo. Wimbi la hezi 49 lina urefu wa mita 7. Dawa ilikuwa kusogeza ukuta wa mbao hadi mita 4.6, kisha kujaza pembe za chumba kwa sufi ya mawe tangu sakafuni hadi darini. Epuka chumba cha pande sawa, na kama dari nayo inalingana na kuta, kimbia.

Umeme usiuchezee. Vuta nyaya mpya zote, na mitambo ya sauti iwe na saketi yake mbali na taa na kiyoyozi, na ethi (waya unaoshusha umeme ardhini) moja iliyo imara. Hewa ipite kwenye mifereji mipana ili iende polepole. Mfereji mwembamba hupiga mluzi.

Na kuna jambo ambalo ningelitanguliza kama ningeanza upya. Kabla ya kuvunja dari au kukata vigae vya zamani, mwite mtaalamu apime kama kuna asbesto, madini ya nyuzi yaliyotumika kwenye majengo ya zamani, kwani vumbi lake huharibu mapafu na madhara huonekana baada ya miaka mingi. Kuta za mawe zipake chokaa, si rangi ya mafuta inayofungia unyevu ndani. Kisha ngoja mvua. Kwenye chumba chetu cha pili nilisubiri msimu mzima. Kila ilipoanguka nilizunguka na tochi, nikaweka alama ya chaki palipolowa. Zilifika 11. Fundi wa paa alipoifuta ya mwisho, ndipo nilipoingiza maiki ya kwanza.