Maswali ya Wasomaji: Modeli ya X-wing na mabawa yake yanayosumbua

Barua za safari hii karibu zote zinahusu chombo kimoja: X-wing T-65, ndege ya kivita ya waasi katika Star Wars, filamu iliyotoka mwaka 1977. Tumezifupisha kidogo.

Nimeunda X-wing ya skeli ya 1/72 (ndogo mara 72 kuliko chombo chenyewe) ambayo mabawa yake hufunguka na kufungika. Nikiyafunga yanakaa sawasawa, ila nikiyafungua bawa la juu la kulia linabaki chini kuliko la kushoto, na jana lilitoa mlio kama plastiki inataka kupasuka. Nifanyeje?

Kwanza, usilisukume tena. Hitilafu ya mabawa haya ina vyanzo viwili, na barua yako yenyewe imeshataja dalili inayovitenganisha. Kama mabawa yangekuwa yamepinda yakiwa wazi na yakiwa yamefungwa pia, ungejua umepachika gia ikiwa imeruka jino moja, na dawa yake ni kufungua kiwiliwili na kuipanga upya. Lakini ya kwako yakifungwa yanakaa sawa. Basi gia haina kosa. Kuna kitu kinalizuia bawa njiani. Mara nyingi ni rangi. Tabaka tatu nne za rangi juu ya praima (rangi ya msingi) zinatosha kuziba nafasi iliyoachwa kati ya shina la bawa na ukingo wa tundu lake, kwa sababu nafasi yenyewe ni nyembamba kama karatasi. Kinachofuatia kwa wingi ni kisiki kilichobaki pale kipande kilipokatwa kwenye fremu ya plastiki inayokuja na vipande, halafu gundi iliyochuruzika hadi kwenye ekseli.

Chukua tochi, tazama tundu la bawa kwa nyuma, kati ya injini. Penye msuguano rangi huwa inang'aa au imekwaruzika hadi plastiki ikaonekana. Hapo paruze kwa ncha ya kisu, kisha pitisha msasa namba 600 uliokunjwa mara mbili, ukijaribu bawa kila baada ya mikwaruzo michache. Usitie mafuta ya mashine: mengine hudhoofisha plastiki, na rangi haishiki tena mahali hapo. Ukitaka ulaini, sugua risasi ya penseli laini kwenye ekseli, inatosha.

Ukimaliza, pima. Fungua mabawa, weka rula wima kwenye ncha za upande wa kulia, soma umbali kati ya bawa la juu na la chini, kisha fanya vivyo hivyo kushoto. Tofauti ya milimita moja haionekani. Ikifika tatu, hata mtu asiyejua chochote kuhusu filamu hii ataona kitu hakikai sawa, maana jicho linaona ile herufi X ya mabawa yaliyofunguliwa kabla ya kuona rangi, michirizi wala rubani. Ndiyo maana tunasisitiza jaribio hili lifanyike *kabla* ya kupaka rangi, na nyuso zote zinazogusana zifunikwe kwa tepu wakati wa kupuliza.

Mizinga ya leza ya modeli yangu imepinda kama masharubu. Naweza kuinyoosha?

Unaweza. Mizinga yote minne ni mirefu na myembamba, kwa hiyo hupinda ikiwa bado ndani ya boksi. Chemsha maji, yaache yapoe kwa dakika moja hivi, chovya mzinga kwa sekunde kumi, unyooshe taratibu ukiuviringisha juu ya kioo, halafu utumbukize kwenye maji baridi hapo hapo. Usiuchovye kwenye maji yanayotokota. Ncha itajikunja na hakuna kurudi nyuma. Mzinga uliovunjika kabisa ni heri kuubadilisha kwa kibomba chembamba cha shaba kuliko kuugundisha, kwani kiungo kile kitavunjika tena kila utakapofuta vumbi.

Vitabu vingine vinasema X-wing ina urefu wa mita 12.5, vingine 13.4. Modeli yangu ya 1/72 ifuate ipi?

Yoyote, mradi ujue unafuata ipi. Kwa mita 12.5 modeli inatakiwa iwe na sentimita 17.4, kwa mita 13.4 inafika 18.6. Namba ya kwanza ndiyo iliyozoeleka katika vitabu vya zamani. Ya pili inakaribiana na modeli za kupigia filamu, zilizoundwa kwa skeli ya 1/24 zikiwa na urefu wa takriban sentimita 56. Zidisha mwenyewe uone. Chombo hakijawahi kuruka, kwa hiyo mbishi mwenye rula hatashinda kesi hii.

Nilipaka nyeupe safi, ikaonekana kama kichezeo cha mtoto. Nimekosea wapi?

Kwenye neno "safi". X-wing za 1977 ni nyeupe iliyofifia, yenye kijivu ndani yake, na imechakaa. Anza na praima ya kijivu. Nyeusi itakulazimisha uongeze tabaka za nyeupe hadi mistari ya paneli izibe. Kisha changanya sehemu kumi za nyeupe kwa moja ya kijivu hafifu, na tone la rangi ya mchanga. Puliza tabaka nne nyembamba badala ya mbili nzito, ukisubiri robo saa kati ya moja na nyingine. Paneli chache, labda kumi kwa chombo kizima, zipe kijivu kilichokolea kidogo zaidi. Zisilingane pande zote mbili. Chombo hiki kimetengenezwa gereji kwa vipuri vya kuokoteza. Ulinganifu ni wa mabawa tu.

Uchakavu uutie kwa kipande cha sponji: kichovye kwenye kijivu cheusi, kikaushe kwenye karatasi hadi kibaki karibu kikavu, kisha gusagusa kingo za paneli. Masizi yatie nyuma ya injini na kwenye midomo ya mizinga. Watu huzidisha hapa.

Baada ya kupitisha rangi nyepesi ya enameli kwenye mistari ya paneli, shina la bawa lilipasuka lenyewe usiku. Sikuligusa!

Tunakuamini. Vipande vya kubana bila gundi vinakaa katika mkazo muda wote. Kiyeyushi cha enameli kikiingia kwenye kiungo hupenya plastiki pale ilipobanwa, nayo hupasuka saa kadhaa baadaye. Plastiki ya aina ya ABS ndiyo mbaya zaidi. Kinga ni tatu: pitisha vanishi ya kung'aa kwanza, tumia rangi kidogo bila kuiacha ituame kwenye viungo, na ikiwezekana fanya kazi hiyo vipande vikiwa bado havijaunganishwa. Anayetaka usalama kamili atumie rangi ya maji. Shina lililopasuka litobolewe kwa keekee ya milimita 0.8, liingizwe kipande cha waya wa chuma, ndipo litiwe gundi.

Kwa nini kikosi cha Luke Skywalker, rubani shujaa wa filamu, ni chekundu? Naweza kupaka michirizi ya buluu?

Sababu ni ya kamera. Modeli zilipigwa picha mbele ya pazia la buluu, na chochote cha buluu kwenye chombo kingefutika pamoja na pazia. Ndiyo sababu katika picha za angani za 1977 paneli za R2-D2, roboti anayekaa nyuma ya rubani, zinaonekana nyeusi wakati akiwa chini ni za buluu. Ukitaka modeli ya "kwenye filamu", paneli zake zipake nyeusi. Ukitaka ya "kwenye hadithi", buluu. Michirizi ya bawa husomwa kama namba: Red Five, chombo cha Luke, ina mmoja mrefu na minne mifupi, Red Two mmoja mrefu na mmoja mfupi. Stika ukiziweka juu ya vanishi isiyong'aa, hewa itanaswa chini yake na kutoa ukungu wa fedha. Tia vanishi ya kung'aa, bandika, kisha ndiyo uifubaze.

Nataka taa kwenye injini zote nne, kwa betri ya volti 9.

Tumia LED nyekundu za milimita 3, mbili mbili kwa mfululizo, na kila jozi iwe na rezista yake ya omu 330. Kila LED hula karibu volti 2, zinabaki 5, mkondo unakuwa kama miliampea 15. Ndani ya injini paka nyeusi, kisha fedha, la sivyo bawa zima litawaka kama taa ya karatasi. Waya uwe wa shaba wenye vanishi, mwembamba, na uache kitanzi pale bawa linapogeukia. Uliovutwa ukakaza hukatika mara chache tu baada ya kufungua na kufunga. Ushauri wetu: ukiweka taa, gundisha mabawa yakiwa wazi.

Nikishusha magurudumu, mabawa yawe wazi au yamefungwa?

Yamefungwa. Kwenye filamu, X-wing zilizoegeshwa zimefunga mabawa. Yanafunguliwa kwa mapigano, ili mizinga itawanyike na rubani apate eneo pana la kulenga. Na kama injini zako ni nusu duara zinazoungana kuwa duara moja mabawa yakifungwa, hiyo si T-65. Ni T-70 ya filamu ya 2015, na michirizi tuliyoitaja juu haiihusu.