Kwa nini vijana ndio wanaumia zaidi
Umeuliza kwa nini vijana walalamike zaidi uchumi ukianguka wakati wote tunaumia. Ndugu yangu, tazama Hispania. Kabla ya 2008 wavulana wengi waliacha shule kufuata hela za ujenzi. Ujenzi ulipokwama, wenye mikataba ya muda mfupi, yaani wao hao, ndio walioondolewa kwanza. Mwaka 2013, katika vijana wa chini ya miaka 25 waliokuwa kwenye soko la ajira, zaidi ya nusu hawakuwa na kazi.

Mzee akikosa kazi bado anajijua ni fundi. Kijana hajawa chochote. Ana miaka 29, analala chumba kilekile cha utotoni, na hata "umeamkaje?" ya mama inamchoma. Usingizi utatoka wapi?