Utafiti "umewaathiri" wazee, au umewafaa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni msaidizi wa utafiti hapa Moshi. Mradi wetu unahusu matunzo ya wazee majumbani na fedha zake zinatoka Uingereza. Fomu ya wafadhili inataka tutaje kwanza kile utafiti ulichozalisha, kisha kile kilichobadilika kwa sababu yake. Kwenye mkutano wa kata nilisoma taarifa yenye kichwa "Athari za utafiti kwa wazee". Mzee mmoja akasimama: "Kwani mmetufanya nini mpaka tumeathirika?" Watu wakacheka, mimi nikakwama. Ofisini wenzangu wanasema tu "autputi" na "impakti". Niandike nini?

JIBU: Marahaba. Mzee wako ana haki, na kamusi nayo ina haki yake, ndiyo maana ulikwama.

"Athari" tumeipata kwa Waarabu, na kwao athar ni alama inayobaki kitu kikishapita, kama unyayo mchangani. Alama haina ubaya wala uzuri. Sheria zetu za mazingira bado zinalitumia neno hivyo: "Tathmini ya Athari kwa Mazingira" huorodhesha ya heri na ya shari kwa pamoja. Lakini neno huharibiwa na marafiki zake. Kwa miaka mingi tumesikia redioni "waathirika wa mafuriko", "athari za ukame", "athari za dawa za kulevya". Mtu wa kawaida akisikia kuna watu wameathirika, hutafuta blanketi la kuwapelekea. Kwa hiyo kwenye tasnifu "athari" inapita. Katani, mbele ya wazee, haipiti. Wapo wanaokimbilia "taathira". Hilo waachie wahakiki wa fasihi.

Kuhusu kile utafiti ulichozalisha, wataalamu wa miradi wamezoea "mazao". Asili yake ni nzuri, kwani limetokana na kuzaa, ila kwa upande wetu huu lina wenyewe. Kwenye vituo vya utafiti wa kilimo vya Selian, Arusha, na Lyamungo, hapo juu yako, mazao ya utafiti ni mbegu za maharage: watu wamepanda Selian 97 na Lyamungo 90 mashambani mwao. Ukimwambia mkulima wa Kibosho kwamba mradi wako una mazao sita, atauliza bei ya mbegu. Mimi ningesema "kazi zilizotoka", kisha nizitaje: makala mbili, mwongozo mmoja wa watunzaji, semina tatu. Ukizitaja, lile neno la jumla linakuwa halina uzito tena.

Kinachonisumbua zaidi ni "matokeo", na hukuniuliza. Neno hili tumelibebesha mizigo mitatu. Ni majibu ya mtihani, ni kile mtafiti alichogundua, na tena ni kile kilichofuata baadaye katika maisha ya watu. Tangu Serikali ilipokuja na mpango wake wa Matokeo Makubwa Sasa mwaka 2013, huo mzigo wa tatu umezidi kuwa mzito. Chukua utafiti uliofanywa vijijini Hai, ukachapishwa mwaka huohuo wa 2013. Watafiti waliwaangalia watu 1,198 wenye miaka 70 na kuendelea, wakakuta dimensia, yaani kupotewa na kumbukumbu na ufahamu uzeeni, kwa kiwango cha asilimia 6.4 baada ya kurekebisha hesabu kwa umri. Makala ni kazi iliyotoka. Hiyo 6.4 ndiyo matokeo. Na siku familia fulani itakapoacha kusema bibi amerogwa, ikampeleka kliniki, hilo si zao wala si tokeo la utafiti. Hayo ni mabadiliko.

Basi nakupendekezea hilo: "mabadiliko". Wafadhili wako wanalitaka hasa. Katika zoezi la Uingereza la kutathmini utafiti wa vyuo vikuu, mwaka 2014 asilimia 20 ya alama zilitengwa kwa yale yaliyobadilika nje ya kuta za chuo. Mwaka 2021 zikapanda hadi 25. Idadi ya makala haikuwatosha tena. Mkulima wa kahawa analielewa hili bila semina: kilo zilizosomwa kwenye mizani ya chama cha msingi ni jambo moja, mtoto kulipiwa ada ni jingine, na mizani haisomi ada.

Ila angalia kitenzi unachokiweka mbele yake. "Mabadiliko yaliyoletwa na utafiti" ni kujitwalia sifa zote. Huyo bibi alipelekwa kliniki kwa sababu ya mhudumu wa afya, mchungaji, redio, pengine na binti aliyerudi kutoka Dar. Sema "yaliyochangiwa na utafiti". Kuchangia tunakujua tangu vikao vya harusi: jina lako liko kwenye daftari, mbele yake kuna kiasi ulichotoa, na hakuna anayedhani harusi nzima ni yako. Ukishindwa kujaza kile kiasi, andika ahadi, usiandike taslimu.

Halafu useme kilichobadilika ni nini. "Ustawi wa wazee umeimarika" ni sentensi isiyo na mtu ndani yake. Kuna kipimo cha matunzo kiitwacho ASCOT, kilichotengenezwa Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza. Kina maeneo manane, na yote yanasemeka kwa Kiswahili cha nyumbani: je, mzee ana kauli juu ya siku yake, ni msafi, anakula na kunywa vya kutosha, yuko salama, anajumuika na watu, ana la kufanya, nyumba yake ni safi na ya starehe, na namna anavyosaidiwa inamwachia heshima yake? Hilo la kauli nalipenda. Wengi wangeandika "udhibiti wa maisha", kana kwamba mzee ni breki ya gari.

La mwisho, nimeona ndani ya taarifa yako umeandika "matunzo ya watu wazima", naona umelitoa kwenye fomu. Huko Uingereza wanamaanisha yeyote aliyetimiza miaka 18 anayehitaji msaada, akiwemo kijana mwenye ulemavu. Kwetu "mtu mzima" ni mkubwa yeyote, lakini pia ndilo jina la adabu la mzee: "Mpishe kiti, ni mtu mzima huyo." Msomaji wako hatajua unamsema yupi. Mradi wako ni wa waliofikisha miaka 60, umri ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inautaja. Andika "wazee". Hawatakasirika.